Fyuzi ya Taa za Breki Inayokatika Tena na Tena: Kuifuata Shoti Mpaka Ilipojificha

Unapachika fyuzi mpya, unakanyaga breki, na fyuzi inakatika palepale. Unapachika ya pili, nayo inaifuata mwenzake. Hapo watu hugawanyika. Wapo wanaoweka fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ili mradi gari lifike Kisauni usiku huo. Na wapo wanaoamua kuitafuta shoti yenyewe. Makala haya ni ya hao wa pili, awe mwenye gari au fundi anayeanza. Kazi hii humchosha anayebahatisha. Anayejua umeme unapita wapi huigawa njia vipande na kuvipima kimoja baada ya kingine, mpaka kibaki kimoja tu ambacho hakina pa kukimbilia.

Huku Pwani kazi hii ni ya kila siku. Magari mengi yaliteremshwa Kilindini, bandari ya Mombasa, yakiwa yameshatumika Japani kwa miaka, waya zake zimeshapindwa mara maelfu. Kisha yanaishi kwenye joto na hewa ya chumvi, na mengine yanabeba makasha ya samaki yanayovuja maji ya barafu ndani ya buti. Halafu gari hilohilo litashuka kuelekea feri ya Likoni likiwa na lori la kontena nyuma yake. Dereva wa lori anategemea taa mbili nyekundu kujua kwamba wa mbele amesimama.

Maradhi manne, jina moja

Kwenye gereji nyingi neno "shoti" limebeba kila kitu. Taa ikizima ni shoti, ikikataa kuzimika ni shoti, ikiwaka hafifu ni shoti. Ukianza kutafuta kwa jina hilo pana utafungua gari zima bure.

Shoti ya kweli ni pale waya wa moto unapogusa bodi ya gari, au chuma chochote kilichoungana na bodi, kabla umeme haujapita kwenye balbu. Bodi ndiyo athi, yaani ndiyo inayourudisha umeme kwenye nguzo hasi ya betri. Umeme ukipata njia hiyo ya mkato hakuna cha kuuzuia, mkondo unapanda ghafla, na fyuzi inakatika.

Waya uliokatika ni kinyume chake. Taa haiwaki, lakini fyuzi ni nzima, na ungekanyaga breki mwaka mzima isingeungua. La tatu ni waya wa breki kugusana na waya mwingine wenye moto, kwa mfano wa taa ndogo za nyuma: unawasha taa ndogo na taa za breki zinawaka zenyewe. La nne ni athi mbovu. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye bodi hupita ndani ya balbu za jirani, basi ukikanyaga breki unaona taa ndogo au indiketa zinawaka kwa mwanga wa kufifia.

Katika hayo manne, linaloikata fyuzi papo hapo ni la kwanza. La tatu huweza kuikata kwa mazingira maalumu tu. Basi kabla ya yote itoe fyuzi uitazame. Kama utepe wake umetoweka na plastiki imepakwa masizi meusi au ya rangi ya fedha, mkondo uliopita ulikuwa mkubwa mno, na hiyo ni shoti. Kama utepe umeyeyuka katikati tu bila masizi, huenda mzigo ulizidi taratibu, mathalani balbu zilizoongezwa au waya wa trela. Ikiwa ni nzima, una maradhi mengine, na mambo yake yako mwishoni.

Umeme unapita wapi

Kutoka betri, umeme unapita fyuzi kuu iliyo chini ya boneti, unaingia kwenye fyuzi iliyoandikwa STOP, mara nyingi katika sanduku lililo chini ya dashibodi upande wa dereva. Fyuzi hiyo kwa kawaida ni ya ampea 10, rangi nyekundu, au 15, rangi ya buluu. Kifuniko cha sanduku au kitabu cha gari kitakwambia ipi, na hiyo ndiyo ya kufuata hata kama fundi aliyepita aliweka nyingine. Katika magari mengi fyuzi hii ina moto muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Kutoka kwenye fyuzi umeme unafika kwenye swichi ya breki, juu kabisa ya mkono wa pedali. Pedali ikipumzika inakisukuma ndani kijiti cha swichi na umeme umekatwa. Ukikanyaga, kijiti kinatoka na swichi inaunganisha. Hapo unatoka waya mmoja, ambao katika Toyota nyingi ni wa kijani wenye mstari mweupe, unashuka pembeni ya miguu ya dereva, unapita chini ya kapeti kwenye kizingiti cha mlango hadi nyuma. Huko unagawanyika mara tatu: taa ya kushoto, taa ya kulia, na ile ya tatu ya juu. Kila balbu inarudisha umeme kwenye bodi kwa waya wa athi, ambao katika Toyota ni mweupe wenye mstari mweusi.

Yako matawi mengine yanayosahaulika. Waya huohuo hupeleka habari kwenye kompyuta ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki), kompyuta ya injini, na kufuli la gia ya otomatiki. Ndiyo maana gari ambalo gia yake haitoki kwenye P, au gari la kuwasha kwa kitufe ambalo halitaki kuwaka, linaweza kuwa na fyuzi ya STOP iliyokatika tu. Watu wamefungua gia kwa ajili ya fyuzi ndogo.

Sasa hesabu, maana bila hesabu hakuna kinachoeleweka. Balbu ya breki ya kawaida ni ya wati 21 kwa volti 12. Gawanya 21 kwa 12: ampea 1.75. Balbu mbili ni ampea 3.5. Taa ya tatu ikiwa ya balbu inaongeza moja na ushei, ikiwa ya LED inaongeza kidogo sana. Jumla ni kama ampea 4 hadi 5.5, na fyuzi ya 10 inabeba mzigo huo kwa raha. Kwa hiyo inapokatika, tatizo si udogo wake.

Ukiweka ya 30, ile ya kijani, umefanya nini? Waya wa taa za breki ni mwembamba, mara nyingi wa milimita mraba 0.85 au karibu na hapo. Mita tano za waya huo zina ukinzani, yaani uzito wa kuupitisha umeme, wa takriban omu 0.1. Volti 12 juu ya omu 0.1 ni zaidi ya ampea 100 kwa hesabu ya karatasi. Hata viungo na betri vikipunguza mpaka 50, joto linalotoka kwenye waya ni wati 250, sawa na pasi ndogo iliyowashwa chini ya kapeti. Ganda la plastiki linayeyuka, waya wa jirani nao unavuliwa nguo, na shoti moja inakuwa sita. Fyuzi haikuwekwa kuilinda balbu. Imewekwa kuulinda waya, na kipimo chake kimechaguliwa ili yenyewe ife kabla ya waya.

Inakatika lini hasa?

Hili ndilo swali linaloigawa njia katikati bila kufungua hata skrubu moja. Weka fyuzi mpya ya kipimo sahihi, usiguse pedali.

Ikikatika kabla hujakanyaga, shoti iko kati ya fyuzi na swichi. Hicho ni kipande kifupi, kisichozidi mkono mmoja, na wengi wa wanaokiharibu ni wale waliofunga redio, king'ora cha wizi au kifaa cha kufuatilia gari wakachukua moto hapo.

Ikikaa, kanyaga breki. Ikikatika sasa, shoti iko baada ya swichi, na hiyo ndiyo hali ya magari mengi. Ikikaa hata sasa, usiseme gari limepona. Fungua na ufunge mlango wa nyuma mara tano huku mtu amekanyaga. Washa taa ndogo. Weka gia ya kurudi nyuma. Mweke mtu mzito kiti cha nyuma. Shoti inayokuja na kuondoka inahitaji kitu cha kuisogeza, na kile kilichoifanya fyuzi ikatike ndicho kinachokuelekeza. Ikikatika wakati wa kufungua mlango, waya wa mlangoni. Ikikatika abiria wakijaa, waya uliobanwa chini ya kiti au karibu na springi. Ikikatika siku ya mvua za masika tu, maji yanaingia kwenye taa au kwenye konekta fulani.

Toa balbu kabla ya kutafuta kingine

Toa balbu zote za breki, zitazame moja moja. Kazi ya dakika kumi, na mara kadhaa shoti yote iko hapo.

Balbu yenye nyuzi mbili, ambayo uzi mmoja ni wa taa ndogo wa wati 5 na mwingine wa breki wa wati 21, huweza kukatika uzi ukaangukia mwenzake. Hapo njia ya breki na njia ya taa ndogo zimeungana ndani ya kioo. Ukikanyaga breki, taa za dashibodi zinawaka na wewe hujawasha kitu.

Kosa jingine ni la mkono wa binadamu. Balbu ya uzi mmoja ina kitovu kimoja kipana chini yake. Ya nyuzi mbili ina vitovu viwili vidogo, na pini zake za pembeni haziko usawa mmoja, makusudi, ili isiingie pasipo pake. Mtu akilazimisha ya uzi mmoja ndani ya hulda, yaani kishikio cha balbu, ya nyuzi mbili, kile kitovu kipana kinaunganisha miguu yote miwili ya hulda. Ikiwa imelazimishwa kwa koleo utaona alama.

Halafu itazame hulda yenyewe. Plastiki iliyogeuka kahawia au kuyeyuka humaanisha balbu ilikuwa inagusa vibaya ikapiga joto, au aliyepita aliweka balbu yenye wati nyingi kuliko ilivyotakiwa. Vipande vya chuma ndani ya hulda iliyoyeyuka hulala upande na kugusana. Unga wa kijani kwenye chuma ni kutu ya shaba, nayo huku kwetu haikosi. Kwa kawaida unga huo hauikati fyuzi peke yake. Hudhoofisha mguso na kuzalisha joto. Lakini ukichanganyika na maji ya chumvi huvujisha umeme, na hulda kama hiyo haifai kusafishwa, ni ya kubadilishwa.

Balbu zikiwa nje zote, weka fyuzi ukanyage. Ikikaa, shoti ilikuwa kwenye balbu au hulda, rudisha moja moja uione. Ikikatika, sasa una uhakika kwamba iko kwenye waya, na unaweza kuanza kazi ya kweli.

Balbu mahali pa fyuzi

Kununua fyuzi kumi za kuunguza ni hasara, na kila inapokatika waya unapigwa mshtuko wa mkondo mkubwa. Mafundi wazuri wa umeme wa magari wanatumia ujanja wa zamani: balbu ya wati 21 iliyolehemewa nyaya mbili fupi, ncha zake zikiwa na vipande bapa vya chuma vyenye upana wa miguu ya fyuzi. Fyuzi iliyokatika, ukiivunja plastiki, inatoa vipande hivyo bure.

Ipachike balbu hiyo mahali pa fyuzi ya STOP, balbu za taa za breki zikiwa nje na konekta ya taa ya tatu imechomolewa. Weka fimbo kati ya kiti na pedali ili pedali ibaki imekanyagwa. Kama shoti ipo, umeme wote unapita kwenye balbu yako kwenda kwenye bodi nayo inawaka kwa nguvu zote. Mkondo hauzidi ampea 1.75, kwa hiyo waya uko salama hata ukifanya kazi nusu saa. Kama shoti haipo, haiwaki.

Sasa una taa ya kukuongoza. Tikisa waya chini ya dashibodi, itazame. Bonyeza kapeti la kizingiti. Sukuma bomba la mpira la mlango wa nyuma. Taa ikicheza, mkono wako uko karibu na ugonjwa. Ukichomoa konekta na taa ikazima, shoti iko baada ya konekta hiyo, kuelekea nyuma ya gari. Ikiendelea kuwaka, iko kabla ya konekta hiyo, kuelekea dashibodi. Kijana akae usawa wa sanduku la fyuzi akupigie kelele, wewe uwe kwenye buti.

Usisahau kutoa balbu za gari kwanza. Balbu baridi ina ukinzani mdogo sana, basi zikiwa ndani balbu yako itawaka hata kwenye gari zima na utafuata shoti isiyokuwepo.

Mtego wa mita

Balbu hizo baridi huwadanganya wengi kwenye mita ya kupimia umeme pia. Balbu ya wati 21 ikiwa imewaka ina ukinzani wa karibu omu 7. Ikiwa baridi inashuka hadi karibu nusu omu, kwa kuwa uzi wa tangsteni huongeza ukinzani unapopata moto. Balbu mbili baridi pamoja husoma kama omu 0.3, na mita itapiga king'ora kama kwamba imegusa bodi moja kwa moja. Fundi anayepima na balbu ndani atatangaza shoti kwenye kila gari linaloingia gereji.

Kwa hiyo: toa fyuzi, toa balbu zote, chomoa taa ya tatu, na fungua waya wa nguzo hasi ya betri, mara nyingi kwa spana namba 10. Iweke mita kwenye omu 200 na uguse ncha zake mbili pamoja, itasoma 0.2 hadi 0.5, huo ni ukinzani wa nyaya za mita yenyewe, uutoe kwenye hesabu. Kanyagia pedali kwa fimbo. Ncha moja iguse mguu wa soketi ya fyuzi unaoelekea kwenye swichi, nyingine iguse bolti safi ya bodi, si iliyopakwa rangi. Chini ya omu 2, shoti ipo. Mita ikiandika OL, yaani ukinzani umepita kipimo ulichoweka, njia ni safi kwa sasa. Omu mia na ushei mara nyingi ni kompyuta fulani iliyoko kwenye tawi, usiikimbilie.

Kisha gawanya. Chomoa konekta iliyo pembeni ya miguu ya dereva, pima. Chomoa ya mlango wa nyuma, pima. Kila mara chagua konekta iliyo katikati ya kipande kilichobaki, badala ya kutambaa kutoka mwisho mmoja. Usomaji ukiruka kutoka omu 1 hadi OL, kipande ulichokitenga ndicho chenye ugonjwa. Ukifungua kapeti la kizingiti, konekta na mabomba ya waya ya rangi ya njano ni ya mifuko ya hewa. Hayo usiyapime wala usiyachomoe.

Pa kutazama

Kama gari ni Probox, Hiace au lolote lenye mlango wa nyuma unaonyanyuka juu, anzia kwenye bomba la mpira linalobeba waya kutoka kwenye bodi kuingia mlangoni. Kila mlango unapofunguliwa waya hizo zinapindwa mahali palepale. Gari la mizigo linalopakia na kupakua soko la Kongowea hufunguliwa mara nyingi kwa siku, na joto la hapa hulikausha ganda la plastiki mpaka linapasuka kama gome. Bomba kwa nje litaonekana zima. Lichomoe upande mmoja, lisukume nyuma, na upinde kila waya kwa kidole. Waya uliokatika ndani unapinda kirahisi kuliko wenzake, na waya uliovuliwa utauona shaba yake. Usiridhike na wa kwanza. Waya zote humo zina umri mmoja.

Linalofuata kwa uwezekano ni kazi ya mtu. Kulabu ya kuvutia trela ambayo waya wake uliungwa kwa kukwaruza na kuviringishia tepu, sasa unaning'inia chini ya bampa unakopigwa na maji ya barabara. Kamera ya nyuma. Spika za buti. Katika magari ya matatu, viti vilivyofungwa upya kwa bolti zilizotobolewa sakafuni juu ya njia ya waya. Skrubu ndefu kupita kiasi ya plastiki ya pembeni. Gari lililogongwa nyuma likanyooshwa, mara nyingi waya umebanwa kati ya mabati mawili, au ganda lake limechomwa na moto wa kuchomelea. Muulize mwenye gari: ni nini kilifungwa au kutengenezwa mwezi ule fyuzi ilipoanza kukatika? Jibu lake lina thamani kuliko mita.

Panya nao hawana mchezo, hasa gari likilala karibu na ghala au jikoni. Utaona vipande vya ganda na kinyesi chini ya kiti au ndani ya paneli ya taa. Hutafuna waya kadhaa sambamba, kwa hiyo fuata njia yao mpaka mwisho.

Kuunga ili isirudi

Waya uliovuliwa usiufunge tepu ukaondoka. Gundi ya tepu ya kawaida hulainika kwenye joto la Mombasa, tepu inateleza, na baada ya miezi michache waya uko uchi tena. Kata kipande chote kibovu, uunge waya mpya wa unene uleule au mkubwa kidogo, wa nyuzi nyingi laini. Shaba ikiwa nyeusi au ya kijani ndani ya ganda, endelea kukata mpaka ufike shaba inayong'aa. Solda haishiki shaba iliyooza. Funika kiungo kwa neli inayosinyaa kwa moto, ile yenye gundi ndani, kwa sababu gundi ndiyo inayozuia unyevu wa chumvi kutambaa kwenye waya.

Kwenye bomba la mlango wa nyuma yako mambo mawili ya lazima. Kiungo kisikae ndani ya sehemu inayopinda: refusha waya ili kiungo kimoja kiwe ndani ya bodi na kingine ndani ya mlango, bombani upite waya mzima. Solda hufanya waya kuwa mgumu, na pale ugumu unapoishia ndipo utakapokatika ukipindwa. Pili, viungo vya waya tofauti visipangwe usawa mmoja. Vipishane sentimita mbili au tatu, hata neli ikichanika visigusane.

Ukiwa huko nyuma, fungua bolti ya athi ya taa, ikwangue kwa msasa mpaka bati ling'ae, ifunge, kisha ipake grisi juu. Juu, si chini yake.

Yasiyokuwa shoti

Taa za breki zikiwaka bila kuzimika, tazama pedali kwanza. Kwenye magari mengi kijiti cha swichi hukaa dhidi ya kibonyezo kidogo cha plastiki au mpira kilichopachikwa kwenye tundu la mkono wa pedali. Kikizeeka hukatika, kijiti kinapita kwenye tundu, na swichi inabaki imeunganisha. Makombo yake utayakuta kwenye zulia la dereva. Taa hizo zikila ampea 4 au 5 usiku kucha wa saa nane, ni ampea-saa 32 hadi 40, zinazotosha kuimaliza betri ya gari dogo, na asubuhi mtu huilaumu betri.

Taa moja isiyowaka na fyuzi nzima: balbu, hulda, au athi ya upande huo. Pima volti kwenye hulda mtu akiwa amekanyaga. Ukikuta 12 kati ya waya wa breki na bodi, lakini ukikuta chache au hakuna kati ya waya wa breki na waya wa athi wa hulda, athi ndiyo iliyokufa. Taa zote tatu hazina moto na fyuzi ni nzima: anza na swichi.

Balbu za LED za kubadilisha zenyewe huleta vituko. Nyingi za bei rahisi hazitenganishi vizuri njia ya breki na ya taa ndogo, umeme unavuja kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kabla ya kufukuza waya, rudisha balbu za kawaida na upime tena.

Ukimaliza, usiishie kuona taa zimewaka. Weka mita kwenye kipimo cha ampea 10, ncha nyekundu ihamie tundu la 10A, na uiunge mahali pa fyuzi. Pedali ikiwa juu isome sifuri au karibu yake. Ukikanyaga, gari lenye balbu mbili za wati 21 na taa ya tatu lisome kati ya 3.7 na 5.5, lenye balbu mbili kila upande, kati ya 7.2 na 9. Chini ya hapo kuna balbu isiyowaka. Juu ya 6 kwenye gari la balbu mbili kuna mzigo ulioongezwa ambao bado hujauona. Ukiwa na usomaji huo, fungua na ufunge mlango wa nyuma mara kumi, tikisa waya ulizounga, mwagia taa maji kidogo kwa chupa. Namba isipocheza, rudisha ncha ya mita kwenye tundu lake la volti, kisha pachika fyuzi nyekundu ya 10 au ya buluu ya 15, kama kifuniko kilivyoandika.